Ngamia Kwenye Mshipi wa Sulisuli

“Nifungieni yule!”

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na nimesikia mlivyobishana kwenye hoteli za chai kuhusu kidole cha Dokata kilikuwa kinamwelekea nani. Kuna waliosema ni mbuzi. Mbuzi, jamani! Muda wote huu tumekuwa naye na bado hamjamjua Dokata binti Kuno?

Kidole kilimwelekea Dalacha, ngamia dume wa rangi ya majivu, mkubwa kuliko wote waliokuwa katika soko la mifugo la Isiolo asubuhi ile. Alikuwa amesimama akicheua, akiwatazama watu kutoka huko juu kwa dharau. Mwenyewe ni Mzee Abdirahim, baba mkubwa wa Dokata.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikuweke sawa upesi. Dokata ni mwanamke wa Kiborana, mzaliwa wa hapa hapa Isiolo, na ni nahodha wa boti kule Watamu. Boti yake inaitwa Gaala, yaani ngamia kwa Kiborana. Wageni huikodi kwenda kuvua samaki kwa mchezo: nguru, jodari, faulusi, na zaidi ya wote sulisuli, yule samaki mwenye mdomo mrefu kama mkuki na pezi la mgongoni lililotanda kama tanga.

Gaala ilinunuliwa kwa ngamia wa marehemu Kuno, baba yake Dokata. Sasa Kuno yuko kaburini, na kaka yake Abdirahim, ambaye kwa desturi ndiye msimamizi wa mifugo aliyoiacha, amesema boti iliyotoka kwa ngamia ni ngamia tu, na ngamia huyu anauzwa. Mnunuzi alikuwa papo hapo, miwani ya jua machoni na viatu vyeupe miguuni: Bwana Mwongera kutoka Meru.

Dokata naye alikuja na fimbo yake ya kuvulia. Aliisafirisha kwenye basi kutoka pwani ili awaonyeshe wazee kazi anayoifanya. Wazee wakacheka.

“Intala,” Mzee Abdirahim alisema, maana kwake Dokata angali msichana hata akiota mvi. “Hii fito itashika Dalacha? Hata kuku atakimbia na wewe.”

“Funga mshipi kwa hatamu yake, Abera,” Dokata alijibu. Ndivyo Waborana wanavyomwita ndugu ya baba. “Akimbie vile anataka. Nikimrudisha mpaka nishike hatamu na mkono yangu, na mshipi haijakatika, boti haiuzwi. Si leo, si kesho.”

“Na ikikatika?”

Dokata alishika ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake. “Huyu Mwongera atachukua hii. Na mimi bahari nitaisahau.”

Aliyasema hayo bila kuyaamini. Angeisahauje? Kule Watamu, jua likiwa bado halijatoka, hakuna mtu wa kumuuliza yeye ni binti wa nani. Wanamuuliza samaki wako upande gani, na yeye anajibu.

“Wallahi, nyoka wa maji wamemharibu huyu,” mzee mmoja alisema, akimaanisha samaki. Wafugaji wengi wa rika lake hawajawahi kuweka samaki mdomoni na hawana mpango huo.

“Nimekubali,” Abdirahim akasema. “Watu wote wamesikia.”

“Hata mimi nimekubali,” Mwongera akadakia upesi, upesi mno kwa mtu ambaye angeweza kupoteza boti. Wewe msomaji lishike hilo, maana Dokata hakulishika.

Mshipi ulifungwa. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wazee waliosimama nyuma waliuliza mshipi wenyewe uko wapi. Dokata akaanza kuvaa mkanda wa kiunoni, ule wa kuegeshea kitako cha fimbo.

“Ngoja kwanza,” Mwongera alisema. Alivua koti akampa mtu. “Kabla mama hajatuonyesha sinema, wacha mwenye boti ajaribu. Mimi nimevua Malindi, nimevua Kilifi. Hii kitu naijua.”

“Bado wewe si mwenye boti,” Dokata alisema.

“Mwache,” Abdirahim akaamua. “Mtu akitaka kununua, lazima aonyeshe anaweza kuchunga.”

Mwongera akaipokea fimbo kwa madaha. Akakagua rili, lile gurudumu linalobeba mshipi, na akakaza breki yake hadi mwisho.

“Legeza breki,” Dokata alimwambia. “Rili lazima itoe mshipi akikimbia.”

“Mama, breki ni ya kufunga. Hata gari haujui?”

Mtu mmoja kule mbele, na mpaka leo hakuna aliyekiri ni nani, alimchapa Dalacha kofi matakoni.

Dalacha aliondoka.

Viatu vyeupe vya Mwongera viliteleza kwenye samadi. Alikwenda hatua kadhaa kwa miguu, nyingine kwa magoti, na sehemu iliyobaki kwa kifua. Akina mama wa maziwa ya ngamia waliinua mitungi yao kumpisha. Kisha akaiachilia fimbo, na fimbo ikaendelea na safari bila yeye, ikirukaruka chini nyuma ya ngamia.

Soko zima liliangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja.

Dokata aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Upande ule aliokuwa anakimbilia Dalacha kulikuwa na ua wa miiba wa zizi la mbuzi. Fimbo ikinasa pale, na breki imefungwa vile, mshipi umekwisha na boti imekwenda nao.

“Hiyo haihesabiki!” alipiga kelele. “Ni yeye ameachilia!”

“Mshipi imekatika?” Abdirahim aliuliza.

“Bado!”

“Basi mambo inaendelea.”

Karibu na lango la soko alikuwepo Tyson, kijana wa bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake akirekodi mambo yote kwa simu. Dokata alirukia nyuma yake kabla hajamaliza kucheka.

“Endesha!”

“Wapi, madam?”

“Fuata hiyo fimbo!”

Tyson hakuuliza la pili. Pikipiki ilipita katikati ya kondoo, ikaruka mtaro, ikakwepa kibanda cha miraa kwa upana wa kidole. Fimbo ilikuwa mbele yao ikigongagonga mawe. Ua wa miiba ulikuwa unakaribia.

“Kaa kushoto kwake! Kushoto!”

“Madam, ukianguka mimi sikujui!”

Dokata aliinama mpaka ushungi wake ukagusa vumbi. Akaikosa. Akainama tena, na safari hii vidole vikapata kitako cha fimbo. Dole gumba likailegeza breki kabla hata hajakaa wima.

Rili ikalia. Enyi ambao hamjawahi kuisikia, ni mlio wa juu, mrefu, wa kutia kichaa, na kwa Dokata hakuna muziki mtamu kuushinda. Dalacha aliupita ua wa miiba, akashika njia ya porini, na mshipi ukamfuata bila kumbishia.

“Imeshika?” Tyson aliuliza.

“Imeshika! Sasa sikia. Wewe ni boti. Nikisema mbele, unaenda pole. Nikisema simama, unasimama. Usivuke mbele ya mshipi hata kidogo.”

“Mimi ni boti,” Tyson alirudia. “Sawa. Niliamka boda, sasa ni boti.”

Watu walikuwa wameshaacha biashara zao. Wengine walikimbia kwa miguu, wengine walipanda pikap, na Mzee Abdirahim alipewa nafasi ya mbele, bakora ikichungulia dirishani. Mwongera alipanda nyuma ya pikap hiyo hiyo, amejaa samadi, akitazama saa yake.

Kumvuta ngamia si kazi ya mkono, na kumvuta sulisuli pia si kazi ya mkono. Mtu anayeshindana nao kwa nguvu atapigwa mchana kweupe. Dokata aliinua fimbo polepole, kisha akaiinamisha upesi huku akizungusha rili kukusanya mshipi uliolegea. Akainua tena. Dalacha akitaka kukimbia, anapewa. Dalacha akipunguza mwendo, ananyang'anywa.

“Mbele pole pole,” aliamuru. “Hapo. Simama.”

Mgongo ulikuwa unamuuma. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Aliwaza juu ya baba yake, aliyepanda Gaala mara moja tu, akatapika kutoka gati hadi gati, akashuka akisema amependa sana. Hasira zikampanda upya. Eti mtu avae miwani aje achukue kitu ambacho Kuno alikitapikia!

Mbele kidogo palikuwa na mgunga wenye majani mabichi. Dalacha aliuona, akasimama, akanyoosha shingo, akaanza kula.

Pikap ikafunga breki. Mzee Abdirahim akashuka akicheka hadi bakora ikamtoka.

“Hajashindwa, amesikia njaa! Samaki yako pia inasimama kukula?”

“Hasimami,” Dokata alikubali. Hakutaka ushindi wa mgunga. “Ndio maana samaki ni ngumu zaidi.”

Hata hivyo alikuwa anakusanya mshipi wakati mzee anacheka. Tyson alimsogeza, yeye akazungusha, Tyson akamsogeza tena. Nundu ya Dalacha ikazidi kuwa kubwa. Dokata alishuka kwenye pikipiki, akaanza kutembea kwa miguu, fimbo mbele yake. Alifika mahali ambapo angeweza kuhesabu miiba iliyomo mdomoni mwa ngamia.

“Anamfikia,” mtu alinong'ona.

Lori la kubeba mbuzi likapiga honi barabarani.

Dalacha aliruka. Wallahi, ngamia mzima aliruka juu, akageuka, akapita kando ya Dokata kwa kishindo, na rili ikalia tena hadi ikaanza kutoa moshi. Watu wakalala chini. Mshipi ulikwenda, ukaenda, ukabaki mizunguko michache, na chuma cha rili kikaanza kuonekana chini yake.

“Kwisha!” Mwongera alishangilia.

Dokata hakushtuka. Sulisuli naye akiiona boti kwa mara ya kwanza, hukimbia vivyo hivyo, na huo mkimbio wa pili ndio unaowaliza wageni. Akainua fimbo juu ya kichwa, akakimbia. Alikimbia kumfuata ngamia, akipunguza nafasi kwa miguu yake mwenyewe, viatu vikabaki nyuma.

“Mwimbie!” mzee mmoja alimsaidia kutoka kwenye pikap. “Mwimbie wimbo wa kisima, atasimama!”

Ni kweli angesimama. Kila mtoto aliyekulia na ngamia anaujua wimbo wa kuwanyweshea maji, na Dokata aliimba wimbo huo kabla hajajua kuhesabu. Ulimfika mdomoni.

Akaumeza.

“Hapana!” alijibu akihema. “Baharini hakuna wimbo! Na hapa hakuna! Ni mshipi tu!”

Mzee Abdirahim aliacha kucheka. Alimfuata mpaka akawa kando yake, akitazama mikono yake. Huyu ni mtu aliyeongoza ngamia toka Biliqo hadi hapa kwa miguu, na aliujua mkono wa mtu anayevuta kwa pupa. Hakuuona. Aliuona mkono unaotoa na kurudisha, unaotoa na kurudisha, bila haraka na bila kulegea.

“Usimkazie sasa,” yalimtoka bila kutaka. “Anageuza shingo.”

“Nimeona, Abera.”

“Upande ya kulia.”

“Nimeona!”

Dalacha aligeuka. Alikuwa amechoka, na zaidi ya kuchoka alikuwa amechoshwa. Alimtazama mwanamke yule mwenye fimbo, akapiga hatua moja kuelekea kwake, kisha nyingine. Dokata alizungusha rili bila kupumua. Mshipi ukawa mfupi, ukawa mfupi zaidi, na mkono wake wa kushoto ukashika hatamu.

Kelele zilizopigwa pale, nadhani zilisikika Ngare Mara. Tyson alilia machozi na kusema ni vumbi. Mama mmoja wa maziwa alimkumbatia mwenzake wakamwaga maziwa yote.

Dokata akatoa kisu kidogo mfukoni, akaukata mshipi kwenye hatamu, akampiga Dalacha kibao cha upole shingoni.

“Nenda.”

Dalacha akaenda zake. Porini, moja kwa moja, bila kuaga.

Kelele zikazimika.

“Wewe!” Mzee Abdirahim alitoa macho. “Umeachilia ngamia yangu?”

“Ndio, Abera.”

“Umemkimbiza asubuhi yote, umemshika, halafu umemwachilia? Una akili kweli?”

“Ndio kazi yenyewe hiyo. Sulisuli akifika kando ya boti, amekwisha shindwa. Tunamwekea alama, tunamwachilia aende azae. Hatumli.”

Wazee walitazamana. Kwamba watu wanakula samaki, hilo walikuwa wameshalisikia, na walisikitika tu. Lakini kwamba kuna watu wazima wanaopanda ndege kutoka mbali, wakatokwa na jasho siku nzima kumkamata mnyama, kisha wakampungia mkono wa kwaheri, hilo liliwashinda kabisa.

“Na ikipotea?”

“Dalacha ana alama ya ukoo wetu shavuni. Jioni atakuwa kwako anadai maji. Sasa nataka kusikia lile neno.”

Mzee alivuta pumzi. Unaweza kumlaumu Abdirahim kwa mengi, lakini akisema neno mbele ya watu halirudishi. Alisimama wima, akaigonga bakora chini.

“Boti ya Kuno haiuzwi. Imebaki kwa binti yake. Nimemaliza.”

Dokata alifunika uso kwa mikono yenye malengelenge. Alikuwa na furaha ya kumfanya akae chini, na akakaa, hapo hapo mchangani.

Ndipo Mwongera alipoanza kucheka.

Alicheka taratibu, akijipangusa samadi kwenye shati. “Mzee, unakataa kuuza nini? Si juzi ulinipa ufunguo?”

Dokata aliinua kichwa. “Ufunguo gani?”

“Ule mwingine, wa baba yako,” Abdirahim alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. “Sikuuza. Nilimpa ili watu wake wazungushe boti kidogo, waone mwendo.”

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa sababu mtu wa pwani akisoma haya atarusha gazeti. Katika soko la mifugo, hununui ngamia aliyesimama. Unampa mchungaji wako hatamu, anamzungusha sokoni, unatazama kama anachechemea, kisha anarudishwa kwa mwenyewe. Hakuna mwizi wa kutoroka na ngamia huyo, maana sokoni macho ni mengi na ukoo wote uko pale. Mzee Abdirahim, ambaye hajawahi kuona maji mapana kuliko Ewaso Nyiro iliyofurika, aliitoa boti izungushwe.

“Abera,” Dokata alisema, “bahari haina lango.”

“Umeelewa sasa,” Mwongera alisema. “Unadhani nilikuja Isiolo kutazama ngamia ikikula miti? Nilikuja kukuweka hapa. Ndugu yangu Gikunda ndiye ameshika usukani. Saa hii wako njiani kwenda kusini, na huko itapata rangi mpya na jina mpya. Lia sasa.”

Aligeuka aondoke. Wachungaji, bila kuambiwa na mtu, walikuwa wameshaziba njia, kila mmoja na rungu lake. Dokata hakulia. Alitoa simu ili apige kwa askari wa Watamu, na simu ikalia mkononi mwake.

Ilikuwa ni Emuria, Mturkana wa hapa hapa Isiolo, msaidizi wake kwenye boti.

“Nahodha.” Alikuwa ananong'ona.

“Emuria! Uko wapi?”

“Niko ndani ya Gaala, chini ya deki. Nilikuwa naosha sanduku ya chambo, watu wakaingia na ufunguo. Nikajificha. Nahodha, wanaiba boti. Kuna mmoja anakwangua jina na kisu.”

Dokata alifungua sauti ili mzee asikie. “Mko mahali gani?”

“Mlangoni pa mwamba. Nasikia mawimbi pande zote.”

Mlangoni pa mwamba ni pale penye upenyo kati ya mawe, ambapo boti hupita kutoka maji ya kina kifupi kwenda bahari kuu. Ikishavuka, mtandao wa simu unakatika na bahari ni pana.

“Wanakuja,” Emuria alisema. “Wanataka barafu, watafungua hapa. Wakinipata watanitupa. Nifanye nini?”

“Mkono yako ya kushoto kuna bomba ya mafuta, iko na kishikio nyekundu.”

“Naiona.”

“Ukiifunga, injini inazima.”

Mzee Abdirahim alimshika mkono. “Ikizima hapo, itakuwaje?”

“Mawimbi yataisukuma kwa mawe. Inaweza kupasuka, Abera. Ngamia wote wa Baba.”

“Na isipozima?”

“Inaenda. Na Emuria anaenda nayo.”

Mzee aliuachia mkono wake. “Usiniulize mimi. Mimi nimeshakosea. Boti ni yako, sema wewe.”

Dokata aliwaza haraka. Gaala ndiyo ilikuwa maisha yake yote. Lakini mtu aliyejikunyata chini ya deki na kungoja neno lake ni mtu, na mwizi hataondoka na boti na mtu pia.

“Emuria, unajua kuogelea?”

“Nimezaliwa Isiolo lakini nimekulia ziwani, nahodha. Toa amri.”

“Funga!”

Injini ya Gaala, ambayo ilikuwa ikinguruma ndani ya simu muda wote ule, ilikohoa mara mbili ikakata. Badala yake soko zima likasikia bahari. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza.

Zikafuata kelele za watu, mlango ukigongwa, matusi ya Kimeru. Kisha sauti ngeni ikaja kwenye simu, kijana anayehema.

“Nani huyu? Mumefanya nini? Injini imekufa!”

“Gikunda!” Mwongera alipasua sauti. Miwani ilikuwa imemwanguka na hakujisumbua kuiokota. “Gikunda, rudisha boti!”

“Nirudishe na nini? Tunasukumwa kwa mawe! Maji iko pande zote!”

Mwongera, yule aliyekuwa akicheka muda si mrefu, alimgeukia Dokata na kupiga magoti mchangani. “Mama, nakuomba. Yule mtoto wa mama yangu hajui kuogelea. Mwambie kitu.”

“Ni nani anajua hii boti?” sauti ya Gikunda ilikuwa inalia sasa. “Watu wa huko, nisaidieni! Nahodha wa hii kitu ni nani?”

Watu wote walimtazama Dokata. Wale waliomwita mwendawazimu, wale waliosema nyoka wa maji, na mzee aliyemwita msichana asubuhi ile.

Dokata aliisogeza simu mdomoni.

“Nahodha ni mimi,” alisema. “Dokata binti Kuno. Toka kwa usukani, mpe Emuria, na usiguse kitu nyingine mpaka nikuambie.”

Na kabla Gikunda hajajibu, kutoka ndani ya simu ile ndogo, katikati ya wafugaji wa Isiolo, wote wakasikia tumbo la Gaala likikwaruza mwamba.